Jinsi ya Kuwa Kocha Mzuri wa Soka la Watoto: Mwongozo Kamili wa Mazoezi na Siku ya Mechi

Makocha wengi wanaojitolea kufundisha soka watoto wa miaka 6 hadi 12 hukwama mahali pamoja. Soka wanaijua, na baadhi yao waliicheza kwa miaka mingi, lakini mazoezi yao hujaa foleni, hotuba na mizunguko ya uwanja, na miezi michache baadaye watoto bado wanaukimbilia mpira kwa kundi huku baadhi ya sura za mwanzo zikiwa hazionekani tena. Kasoro haiko kwenye ujuzi wao wa soka. Iko kwenye kuwapa watoto mazoezi ya watu wazima yaliyofupishwa muda.

Mwongozo huu unafuata kipimo kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho: katika saa moja ya mazoezi, kila mtoto ameugusa mpira mara ngapi huku akiwa na uamuzi wa kufanya? Mtoto anayeugusa mpira mara nyingi akiwa na mkabaji mbele yake na mwenzake pembeni hujifunza hata kama kocha hajasema neno. Anayesubiri zamu yake hajifunzi kitu, hata kocha awe bingwa wa kueleza.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya siku ya kwanza

- Mipira ya kutosha, ikiwezekana mmoja kwa kila mtoto. Kwa kawaida mpira namba 3 huwafaa watoto hadi miaka 8 hivi, na namba 4 huwafaa wa miaka 9 hadi 12. Mashirikisho hutofautiana kidogo, kwa hiyo fuata kanuni za ligi yako. Namba 5, ambao una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, ni mzito mno kwa mguu wa mtoto mdogo, na humfundisha kupiga kwa ncha ya kiatu ili tu mpira usogee.
- Pampu na sindano yake. Mpira usio na upepo huharibu mazoezi mazima.
- Koni zisizopungua 20, na vizibao vya rangi mbili au tatu.
- Malango madogo manne. Kama hayapo, koni mbili zilizoachana kwa hatua mbili hutosha.
- Sanduku la huduma ya kwanza lenye glavu, plasta, bandeji na pakiti ya baridi.
- Orodha ya watoto yenye namba za simu za wazazi au walezi na maelezo ya afya: nani ana pumu, nani ana mzio, nani anatumia dawa.
- Daftari, kalamu na saa. Kipyenga unaweza kuwa nacho, lakini mahali pake pa kawaida ni mfukoni.

Ukiwa na mipira michache, mpe kila watoto wawili mpira mmoja. Ukiwa na mpira mmoja tu kwa watoto 12, bado unaweza kufundisha, ila anza moja kwa moja na mechi ndogo ya Hatua ya 7 na usijaribu mazoezi ya ufundi, kwa sababu yatageuka foleni.

## Hatua ya 1: Hakikisha mahali na mwenendo ni salama

Fika mapema na utembee uwanja mzima ukitafuta mashimo, vioo na vyuma. Kisha yaendee malango na uyatikise kwa mikono. Sheria za soka zinataka malango yawe yamefungwa imara ardhini, na sababu yake ni nzito: lango la kuhamishika lisilofungwa huanguka mtoto anaponing'inia kwenye mwamba wake, na watoto wamewahi kupoteza maisha kwa namna hiyo. Lango linalotikisika halitumiki siku hiyo. Hakuna mjadala hapo.

Kila mtoto avae vikinga-ugoko ndani ya soksi, na maji yawe karibu na kivuli. Ukisikia ngurumo, watoe watoto wote uwanjani na uwapeleke ndani ya jengo au gari lililofungwa, wala si chini ya mti, na usirejee mazoezini mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mtoto aliyegongwa kichwani akaonekana kuduwaa, akalalamika kichwa kinamuuma, akatapika, akayumba au akasahau alichokuwa akifanya, atoke na asirudi kucheza siku hiyo hata akisema amepona. Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa macho, na kugongwa mara ya pili kabla ya kupona ni hatari kubwa zaidi kuliko mara ya kwanza. Mpigie mzazi na uelekeze apelekwe kwa mtaalamu wa afya. Akipoteza fahamu, akitapika mara kwa mara au akizidi kusinzia, hiyo ni dharura ya hospitali wakati huo huo.

Kuhusu kupiga vichwa, shirikisho la Marekani lilitangaza mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka 10 na chini yake hawatapiga mpira kwa kichwa, na mwaka 2020 vyama vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini viliondoa vichwa katika mazoezi ya watoto wa umri wa shule za msingi. Hata kama ligi yako haina kanuni hiyo, huna sababu ya kufundisha vichwa katika umri huu. Mpira ukikaa chini, watoto hujifunza zaidi.

Jambo la mwisho katika usalama ni mwenendo wako mwenyewe. Usibaki peke yako na mtoto mmoja mahali pasipoonekana na watu, usimtumie mtoto ujumbe wa faragha, na hakikisha kuna mtu mzima mwingine kila siku ya mazoezi. Taarifa zote zipitie kwa wazazi. Utaratibu huu humlinda mtoto kwanza, na humlinda pia kocha mwenye nia njema.

## Hatua ya 2: Wafahamu watoto kwa umri wao, wala si kwa kimo chao

Mtoto wa miaka 6 hadi 8 huuona mpira kuwa ni wake. Kumwambia atoe pasi ni kumwomba agawe kitu ambacho ndiyo kwanza amekipata. Katika umri huu fundisha kukokota, kugeuka, kupiga chenga na kupiga golini, na usihangaike na kundi linalokimbilia mpira. Hilo litaisha lenyewe uwanja ukiwa mdogo na timu zikiwa za watoto watatu au wanne.

Kuanzia miaka 9 hadi 10, mtoto huanza kuwaona wenzake. Hapo ndipo pasi, kujitenga na mkabaji na kupokea mpira mwili ukiwa umefunguka, yaani umegeukia sehemu kubwa ya uwanja, huleta maana. Wa miaka 11 na 12 wanaweza kuelewa nafasi, kusaidiana watatu watatu na kubadilisha upande wa mashambulizi.

Onyo kubwa la hatua hii ni kimo. Watoto wa kundi moja la umri wanaweza kupishana karibu mwaka mzima wa kuzaliwa, na imethibitika katika nchi nyingi kwamba wanaozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili huchaguliwa kwa wingi kupita kiasi katika timu za vipaji. Kocha hudhani ameona kipaji, kumbe ameona miezi. Aidha, kasi kubwa ya kurefuka huwafikia wasichana wakiwa na miaka 12 hivi na wavulana wakiwa na 14 hivi, kwa hiyo yule mdogo anayesukumwa leo anaweza kuwa mrefu kuliko wote baada ya misimu miwili, ikiwa utamfanya abaki.

Mtoto akianza kulalamika kisigino au sehemu ya chini ya goti bila kuumizwa na mtu, usimwite mvivu. Katika miaka ya kukua, maumivu hayo ni ya kawaida mahali misuli inaposhikana na mfupa unaorefuka, na dawa yake ya kwanza ni kupunguza kukimbia na kuruka. Yasipopungua, aonwe na daktari.

## Hatua ya 3: Chagua jambo moja na uliandike kwa maneno ya mtoto

Kabla hujatoka nyumbani, andika sentensi moja kwenye daftari: leo tunajifunza nini? Isiwe "kuboresha umiliki wa mpira na mpito wa haraka". Iwe kitu ambacho mtoto wa miaka 10 anaweza kumwambia mzazi wake jioni, kwa mfano, "Kabla mpira haujanifikia, nitazame nyuma yangu."

Ukichagua mambo matatu, utasahihisha mambo kumi, na mtoto ataondoka hajabeba hata moja. Jambo moja linaweza kukaa wiki mbili au tatu, likirudi katika michezo tofauti.

Kisha gawa saa yako. Mpangilio unaofanya kazi vizuri kwa dakika 60 ni huu: dakika 10 za kuingia na mpira, 15 za zoezi lenye wakabaji wachache, 10 za zoezi gumu zaidi, na 25 za mechi ndogo. Maji hunywewa katikati ya vipindi, wakati wewe unasogeza koni.

## Hatua ya 4: Panga uwanja kabla mtoto wa kwanza hajafika

Weka koni za mazoezi yote mapema, hata yale ya mwisho. Kocha anayepanga koni huku watoto 14 wakimtazama hupoteza dakika tano kila anapobadilisha zoezi, na ndani ya dakika hizo ndipo utundu huzaliwa, kisha watoto wanalaumiwa kwa utundu ambao mpangilio mbovu umeuzaa.

Njia nyepesi ni kuchora uwanja mmoja wa mita 30 kwa 20 na kuugawa kwa koni katikati. Kipande kimoja kinakuwa cha mazoezi ya awali, kingine unakigawa katika miraba midogo ya mita 8 kwa 8, na mwishoni unaondoa koni za ndani tu ili ubaki na uwanja wa mechi.

Utajua umefaulu pale unapoweza kuhama kutoka zoezi moja kwenda jingine ndani ya muda wa watoto kunywa maji.

## Hatua ya 5: Anza na mpira mguuni

Achana na mizunguko ya uwanja. Watoto hawahitaji kukimbia pole pole wakiwa wamepanga mstari. Wanahitaji kuupasha mwili joto kwa kusimama, kugeuka, kuruka na kutua, mambo yale yale watakayoyafanya kwenye mchezo. Kila anayefika achukue mpira na aanze kukokota ndani ya eneo lililowekewa koni, bila kumsubiri mwenzake. Wakishakuwa wengi, waambie wabadili mguu, wageuke kwa kukanyaga mpira juu, wapite kati ya koni mbili, kisha waanze kuondoleana mipira huku kila mmoja akilinda wake.

Ongeza hapo dakika chache za kuruka na kutua kwa mguu mmoja, na za kusimama kwa mguu mmoja huku wakirushiana mpira. Angalia magoti: yasiingie ndani wakati wa kutua. FIFA ina programu ya kupasha mwili iitwayo FIFA 11+ Kids, iliyoandaliwa kwa watoto wa miaka 7 hadi 13, inayotumia mazoezi ya namna hii ya usawa, kuruka na hata kuanguka kwa usalama, na utafiti ulionyesha kwamba timu zinazoifuata mara kwa mara hupata majeraha machache zaidi.

## Hatua ya 6: Endesha zoezi kuu bila foleni

Piga hesabu kwanza. Una watoto 12, lango moja, na wote wamepanga mstari kupiga mashuti. Kila shuti linachukua sekunde 10. Katika dakika 20 yatapigwa mashuti 120, yaani 10 kwa kila mtoto, na kila mmoja atakuwa amefanya kazi sekunde 100 na kusimama kwa zaidi ya dakika 18. Tena shuti lenyewe halina mkabaji, halina mwenzake wa kumpasia, halina uamuzi wowote. Hicho ndicho kinachoitwa mazoezi katika viwanja vingi.

Watoto hao hao 12 wagawe katika miraba mitatu ya mita 8 kwa 8, wanne kila mraba, watatu wakiwa na mpira na mmoja akikaba. Watatu wanapasiana, mkabaji akiupata mpira au ukitoka nje, aliyepoteza anaingia kukaba. Sasa wote 12 wako kazini kwa wakati mmoja, na kila mguso una swali ndani yake: nimpe yupi, nisogee wapi, nitumie mguu upi?

Eneo ndilo usukani wako. Mkabaji akiupata mpira kila baada ya pasi mbili, panua mraba kwa hatua mbili kila upande. Wakipasiana muda mrefu bila kusumbuliwa, upunguze. Zoezi liko sawa pale watoto wanapofaulu mara nyingi kuliko wanavyokosea, lakini makosa bado yapo. Zoezi lisilo na makosa ni rahisi mno, nalo huchosha.

Baada ya dakika 15 unganisha miraba. Wape wanne dhidi ya wanne, kila timu ikiwa na malango mawili madogo ya kushambulia, moja kila kona, ili mchezaji alazimike kuinua kichwa aone ni lango lipi liko wazi. Wanne waliobaki wacheze wawili dhidi ya wawili pembeni, na mbadilishane kila dakika tatu. Idadi isipogawanyika, mtoto mmoja awe mchezaji wa pande zote: anaichezea timu yenye mpira muda wote. Nafasi hiyo mpe kwa zamu, na usiifanye kuwa mahali pa kumtupa yule unayemwona dhaifu.

Kwa watoto wa miaka 6 hadi 8 ondoa pasi kabisa: mmoja dhidi ya mmoja, malango madogo mawili, sekunde 40 za kucheza kisha kubadilisha mpinzani.

## Hatua ya 7: Sahihisha kidogo, na uulize kabla ya kueleza

Hapa ndipo kocha mzuri hutofautiana na mwingine, kwa hiyo soma hatua hii taratibu.

Una njia tatu za kusahihisha, na zipange kwa mfuatano huu. Ya kwanza ni kubadilisha zoezi lenyewe: eneo, idadi ya wakabaji au namna ya kupata goli. Ukitaka watoto watawanyike, sema goli lililopatikana baada ya mpira kugusa pande zote mbili za uwanja linahesabiwa mawili, nao watatawanyika bila kuambiwa "tawanyikeni". Ya pili ni kuzungumza na mtoto mmoja huku wenzake wakiendelea. Ya tatu ni kuwasimamisha wote, na hii itumie tu pale ambapo kosa moja linarudiwa na wengi. Ukisimamisha, maliza ndani ya sekunde 30.

Chukua mfano huu. Kuna mtoto ambaye hupokea mpira akiwa ameligeuzia mgongo lango la wapinzani. Macho yake yako kwenye mpira tu, anautuliza kwa mguu wa kulia, na mkabaji aliyejificha nyuma ya bega lile la kulia anauchukua. Imetokea mara ya tatu. Kocha wa kawaida hupiga kelele, "Tumia kushoto!" Kocha mzuri husubiri mpira uende upande wa pili, kisha humsogelea.

"Kabla mpira haujakufikia, ulikuwa unatazama wapi?"

"Kwenye mpira, kocha."

"Na anayekukaba alikuwa wapi?"

"Nyuma."

"Upande gani?"

Mtoto anakaa kimya, kwa sababu kweli hajui.

"Haya. Safari hii, mpira ukiwa bado kwa mwenzako, geuza shingo mara moja tu. Halafu baadaye uniambie alikuwa upande gani."

Kocha anaondoka. Hakutaja mguu wa kushoto hata mara moja, na hakuwa na haja ya kuutaja: mtoto akishamwona mkabaji kulia kwake, atauchukua mpira kushoto mwenyewe, na kesho mkabaji akiwa kushoto ataupeleka kulia. Angeambiwa atumie kushoto, angetumia kushoto hata siku ambayo mkabaji yuko hapo hapo. Subira inahitajika, kwa sababu mara ya kwanza atageuza shingo akapitwa na mpira wenyewe. Hilo ni kosa zuri. Usimrudie kwa maelezo mengine.

Pongezi nazo zina namna yake. "Safi sana" humfurahisha mtoto, lakini haimwelezi alichofanya. "Umetazama nyuma kabla ya kupokea" ni pongezi na somo kwa pamoja, na inaweza kutolewa hata pale pasi iliyofuata ilipotoka nje, jambo ambalo humfundisha mtoto kwamba uamuzi mzuri hauhukumiwi kwa matokeo ya mara moja.

Usitumie kukimbia wala kupiga pushapu kama adhabu. Mtoto anayeadhibiwa kwa kukimbia hujifunza kuchukia kukimbia, na soka ni kukimbia. Mtoto akivuruga mazoezi, jiulize kwanza amesimama muda gani bila kazi. Mara nyingi jibu linapatikana hapo. Akiendelea, mtoe pembeni kwa dakika mbili, mweleze kwa sauti ya chini unachotaka, kisha mrudishe.

Mwisho wa kila mazoezi ni mechi ndogo, nne dhidi ya nne au tano dhidi ya tano, na katika mechi hiyo nyamaza kadiri uwezavyo. Tazama kama lile jambo moja la leo linatokea bila wewe kulitaja. Likitokea mara mbili tatu, mazoezi yamefaulu. Lisipotokea, hukupoteza siku. Lirudie wiki ijayo kwa mchezo mwingine.

## Hatua ya 8: Kaa na wazazi kabla ya mechi ya kwanza

Itisha kikao kifupi na useme mambo matatu bila kuzunguka. Kwanza, kila mtoto atacheza muda unaokaribiana na wa wenzake. Pili, pembeni ya uwanja wazazi wanashangilia tu, hawaelekezi, kwa sababu mtoto anayesikia sauti tatu zinazopingana huacha kufikiri. Tatu, mwenye malalamiko kuhusu mwanawe asubiri siku inayofuata ndipo apige simu. Kocha hajadiliani na mzazi mbele ya watoto wala dakika tano baada ya kipyenga cha mwisho.

Wapo watakaouliza kwa nini usiwapange walio bora ili mshinde. Jibu lako liwe na mfano: nchini Norway, matokeo na misimamo ya ligi za watoto walio chini ya miaka 11 havitangazwi, na Norway hiyo hiyo imemtoa mshambuliaji Erling Haaland. Sidai kwamba jambo moja limezaa jingine, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba kukosa msimamo wa ligi kumeua vipaji vyao.

## Hatua ya 9: Siku ya mechi, panga dakika kabla ya kupanga nafasi

Kocha akiacha mabadiliko yaamuliwe na matokeo, watoto wale wale watatu watakaa benchi kila wiki. Kwa hiyo panga mapema, kwenye karatasi.

Tuseme una watoto 10, mnacheza saba kwa saba, vipindi viwili vya dakika 25. Gawa mechi katika vipande 10 vya dakika tano. Kila kipande kina watoto watatu nje, jumla ni nafasi 30 za kukaa, yaani vipande vitatu kwa kila mtoto. Kila mmoja atacheza dakika 35 na kupumzika 15. Chora jedwali, majina upande mmoja na vipande upande mwingine, weka alama, na ulifuate hata mkiwa nyuma kwa goli moja zikiwa zimebaki dakika nne. Hapo ndipo wazazi na watoto hujua kama ulichosema kikaoni kilikuwa kweli. Hakikisha tu kwamba kanuni za ligi yenu zinaruhusu aliyetoka kurudi. Ligi nyingi za watoto huruhusu.

Nafasi nazo zizunguke. Mtoto wa miaka 9 aliyefanywa beki kwa sababu ana mwili mkubwa anaweza kukua bila kujua kupiga chenga, na kipa wa kudumu katika umri huo hukosa miaka yake ya kujifunza mpira wa miguuni. Golini waingie kwa zamu, kipindi kimoja kimoja, na asiyetaka asilazimishwe kwa kelele. Mwanzishie mazoezini kwanza.

Wakati wa mchezo kaa au simama mahali pamoja. Kelele za "pasi, piga, rudi" hazisaidii, kwa kuwa neno likishamfikia mtoto nafasi imepita, na baya zaidi ni kwamba anaanza kuisubiri sauti badala ya kutazama. Zungumza na walio benchi. Waulize wanaona nini, nani yuko huru, mkabaji wao anasimama wapi. Ni darasa zuri kuliko yote, na hakuna anayelitumia.

Mapumziko yaanze na maji na ukimya wa dakika moja. Kisha uliza swali moja, sikiliza majibu mawili, sema jambo moja, basi. Mkiwa mmewazidi wapinzani kwa magoli mengi, wape wachezaji wako sharti jipya, kama vile kufunga kwa mguu dhaifu au kupitisha mpira kwa watoto wote kabla ya shuti, na msilitangaze kwa wapinzani. Baada ya mechi washukuru mwamuzi na wapinzani, taja kitu kimoja kizuri mlichokifanyia mazoezi, na uwaachie waende. Uchambuzi wa makosa una siku yake, nayo ni siku ya mazoezi.

Mwamuzi akikosea, nyamaza. Mara nyingi naye ni kijana anayejifunza, na watoto wako wanakutazama wewe ili wajue jinsi ya kumchukulia.

## Hatua ya 10: Andika kabla hujalala

Fungua daftari na ujaze vitu vinne: nani alikuja, zoezi lipi lilikwama na kwa nini, mtoto gani hukuzungumza naye hata mara moja, na jambo gani linaendelea wiki ijayo. La tatu ndilo lenye faida kubwa. Katika kila timu kuna mtoto mkimya asiyefanya vizuri sana wala vibaya sana, na kocha anaweza kumaliza mwezi mzima bila kumtaja jina. Andika jina lake juu ya ukurasa wa mazoezi yanayofuata, na uanze naye.

Kila baada ya wiki sita, soma kurasa za nyuma. Dalili nzuri zinaonekana kwa macho: watoto wanafika mapema na wameshaanza kucheza wenyewe kabla yako, yule aliyekuwa akiukimbia mpira sasa anauomba, wanagombana kuhusu kanuni za mchezo na kusuluhishana bila kukuita. Idadi ya mahudhurio nayo isome bila kujidanganya. Ikiwa wawili au watatu wameacha kuja, wapigie wazazi wao wiki hiyo hiyo na uulize kwa upole mtoto alisema nini. Ukiambiwa alikuwa anasimama muda mrefu, rudi Hatua ya 6. Ukiambiwa alikuwa hachezi mechi, toa jedwali lako ulihesabu upya. Ukiambiwa alifokewa, mwombe mzazi akupe nafasi ya kuzungumza na mtoto mwenyewe, mzazi akiwepo, na umwombe radhi kabla ya kumwalika arudi.